Kawawa: Kiongozi wa wafanyakazi aliyekuja kubana migomo

Mwanamke anayekwenda likizo ya uzazi leo, awe wa Mbagala au Tegeta, haulizwi kama ameolewa. Zamani ndoa ilikuwa na uzito wake.

Sheria ilibadilishwa mwaka 1975, baada ya UWT kuwabana wakubwa. Likizo yenye malipo ikawa ya wote, walioolewa na wasioolewa. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Kawawa, mzaliwa wa mkoa wa sasa wa Ruvuma, alisoma Tabora, kisha akawa karani wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mgomo aliujua vizuri.

Lakini aliposhika uwaziri mkuu mwaka 1962, Serikali yake ilipitisha sheria za kubana migomo. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja chini ya Serikali. Haki ziliendelea kuja, ila zikitoka juu.

Alifariki Desemba 31, 2009, akazikwa Madale, Kinondoni.

Sheria ya sasa ni ya mwaka 2004. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100. Baba siku 3. Kufiwa na ndugu wa karibu, siku 4. Mgonjwa hadi siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya siku hizo kwa mshahara kamili.

Bosi akikunyima, anzia kwenye chama chako. Kawawa naye alianzia huko.