Kaisari Septimius Severus na Dinari Zake

Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 baada ya Kristo, katika mji wa Leptis Magna ulio pwani ya Libya. Basi mtu huyu wa Afrika ndiye aliyekuja kuwa Kaisari wa Rumi.

Mwaka 193 walinzi wa Kaisari walimwua bwana wao Pertinax, mzee aliyetaka kuwatia adabu na kuongeza fedha safi katika sarafu. Kisha wakaunadi ufalme kama mtu anadivyo ng'ombe, akaununua tajiri mmoja, Didius Julianus. Severus wakati ule alikuwa liwali mpakani, karibu na mto Danube. Askari wake wakamtangaza kuwa Kaisari, akaenda nao Rumi upesi. Julianus akauawa, na wale walinzi wakanyang'anywa silaha na kufukuzwa.

Severus alijua vema ni nani waliomweka pale. Aliwaongezea askari mshahara, akawapa ruhusa ya kuoa. Lakini mali ya kuwalipa ingetoka wapi? Walilipwa kwa dinari, ile ile isomwayo katika Injili kuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Zamani za Kaisari Augusto ilikuwa karibu fedha tupu. Nero aliipunguza mwaka 64, na wengine wakamfuata. Severus akapita wote: mafundi wake waliyeyusha fedha pamoja na shaba, hata karibu nusu ya dinari ikawa shaba. Hila hiyo haikuonekana kwa macho, maana sura yake yenye ndevu iling'aa juu ya sarafu vile vile. Na ratli moja ya fedha ikatoa dinari nyingi kuliko kwanza.

Alifariki York, Uingereza, mwaka 211. Yasimuliwa kwamba aliwausia wanawe, Caracalla na Geta, wapatane, wawatajirishe askari, na watu wengine wasiwajali. Kabla ya mwaka kwisha Caracalla alimwua nduguye. Ila usia wa askari aliushika, akawaongezea mshahara tena. Mwaka 215 akatoa sarafu mpya, akaihesabu kuwa dinari mbili, nayo ilikuwa na fedha ya dinari moja na nusu tu. Mwaka 217 askari wake mmoja akamwua njiani.

Hata ulipofika mwaka 270, sarafu ile ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kidogo juu. Iliposhikwashikwa sana mikononi mwa watu, weupe ule ulitoka, shaba ikaonekana.