Mwalimu Carey Francis na Wanafunzi Wanne

Edward Carey Francis alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akawa mhadhiri wa hisabati huko Cambridge. Kazi hiyo nono aliiacha mwaka 1928, akaja kufundisha Maseno. Toka 1940 hadi 1962 alikuwa mwalimu mkuu wa Alliance, Kikuyu. Hakuoa, shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake.

Lililonigusa ni hili: alipostaafu hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akashika chaki kama mwalimu wa kawaida tu, chini ya mkuu mwingine. Alifundisha huko mpaka alipofariki mwaka 1966.

Mimi nami hufundisha hesabu jioni hapa Kitengela, bure bilashi. Muhula uliopita nilitaka kuacha. Kengele ikilia, wengi hukimbilia matatu za Isinya na Kajiado, nikabaki na wanne. Jamani, nilivunjika moyo! Lakini ikiwa mkuu wa Alliance hakuona haya kuanza upya Pumwani, mimi ni nani niwadharau wanne? Haba na haba hujaza kibaba. Jumatatu saa kumi, njooni na madaftari.