Samuel Colt: mutu wa bastola, na silinda zilizopasuka

Jina la Colt tulilisikia tangu utoto, kwa filme za Marekani zenye watu wa farasi na kofia kubwa. Lakini Samuel Colt alikuwa mutu kweli, na maisha yake yana somo kwa kila mutu anayetumika na chuma, baruti na presio. Leo tunamuangalia kwa macho ya watu wa mugodi. Hatumusifu juu ya silaha zake. Tunataka kujua sababu gani vyombo vyake vilipasukia mikononi mwa wenye kuvitumikisha.

Alizaliwa tarehe 19 Julai 1814 katika muji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Mama yake alikufa na kifua kikuu wakati yeye angali mudogo. Akiwa na miaka 11 alitumwa kufanya kazi kwa mukulima mumoja, kisha akaingia katika kiwanda cha vitambaa cha baba yake. Masomo hakukaa nayo sana. Alipenda baruti kupita vitabu. Inasimuliwa kwamba alitangazia watu wa muji kuwa atarusha chelezo juu ya maji kwa nguvu ya baruti. Baruti ililipuka, chelezo kikabaki kizima, na watazamaji wakarudia nyumbani nguo zimejaa matope.

Mwaka 1830 alipanda meli Corvo, ikaenda mpaka Calcutta kule India. Ni katika safari ile alichonga kwa kisu mufano wa mbao: silinda yenye matundu, kila tundu na risasi yake, na silinda yenyewe inazunguka na kujifunga sawasawa mbele ya mututu mumoja. Aliporudi, baba yake alilipia fundi atengeneze bunduki moja na bastola moja. Bunduki ilipiga vizuri. Bastola ilipasuka. Kumbe onyo lilikuja siku ile ile ya kwanza.

Ili kupata feza, kijana akajiita daktari, akazunguka miji ya Marekani na Kanada akionyesha watu hewa ile inayochekesha. Mwaka 1836 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, akafungua kiwanda huko Paterson, jimbo la New Jersey. Biashara haikwenda. Mwaka 1842 kiwanda kikafunga. Katika miaka ile akajaribu mine za kulipua meli majini, akiziwasha kwa umeme kutoka mbali. Zililipuka kweli, lakini jeshi halikuzinunua.

Bahati ilirudi na vita vya Mexico. Kapiteni Samuel Walker alitaka bastola kubwa ya askari wa farasi, na mwaka 1847 serikali ikaagiza 1.000. Colt hakuwa na usine tena. Ikabidi zitengenezwe katika usine ya mutu mwingine. Bastola ile ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi, na kila tundu la silinda liliweza kubeba karibu gramu nne za baruti, kipimo kikubwa sana kwa chombo cha mukono. Chuma cha wakati ule hakikuwa na nguvu ya kutosha. Silinda nyingi zilipasuka. Mara ingine askari alijaza kupita kipimo, mara ingine moto uliruka kutoka tundu moja kwenda kwa jirani yake. Mwaka uliofuata Colt alitoa bastola mupya yenye silinda fupi na baruti kidogo. Alipunguza muzigo ili chuma kipumue.

Hapo ndipo akawa tajiri. Mwaka 1855 kiwanda chake kikubwa cha Hartford kilikuwa kimesimama pembeni ya muto Connecticut, na ukuta wa udongo wa kuzuia maji ya mafuriko. Aliwapa wafanyakazi nyumba, jumba la kukutania, saa kumi za kazi na saa moja ya kula, wakati fasi zingine watu walitumika kupita pale. Lakini inasemwa pia kwamba aliweza kukufukuza juu ya kuchelewa, na hata juu ya kumuambia kwamba chombo chake kinaweza kutengenezwa vizuri zaidi. Sisi wa sendika tunajua mupatron wa namna ile: anakupa nyumba, lakini mudomo wako anautaka ufungwe.

Na mudomo ule ulikuwa na maana. Mufanyakazi mumoja wa kiwanda, Rollin White, alikuwa na wazo la kutoboa silinda toka nyuma mpaka mbele, ili risasi yenye ganda lake iingizwe kwa nyuma. Wengi wanasimulia kwamba Colt alilikataa. White akapata hati yake tarehe 3 Aprili 1855, akaipeleka kwa Smith na Wesson, nao wakamulipa senti 25 kwa kila bastola. Kwa sababu ya hati ile, Colt hakuweza kutengeneza silinda ya namna hiyo mpaka mwaka 1869.

Mwenyewe hakufika huko. Alikufa tarehe 10 Januari 1862, akiwa na miaka 47 tu, na mali ya mamilioni ya dolari. Miaka miwili nyuma yake moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda. Mujane wake, Elizabeth, ndiye alikijenga tena na kukishika kwa miaka mingi.

Hati ya White ilipokwisha, bastola nyingi za zamani zilikuwa bado mikononi mwa watu na katika stoo za jeshi. Kuzitupa ni hasara. Basi kiwanda kikaanza kuzibadilisha: walikata nyuma ya silinda, wakaweka kipande kipya cha chuma na mulango wa kuingizia risasi, wakapima kila tundu kama linalingana na mututu. Risasi zenyewe zilikuwa za baruti nyeusi, na nguvu ya kiasi. Kazi ile ilifanywa na watu wenye vipimo, na chombo kilijaribiwa kabla ya kutoka.

Hatari ilikuwa kwa fundi wa kichochoro aliyewaiga. Yeye anaona risasi ni kubwa kuliko tundu, anapanua tundu. Kila mara anapopanua, ukuta wa chuma kati ya tundu na tundu unakuwa mwembamba. Moshi wa baruti unapozaliwa ndani, unasukuma pande zote kwa mara moja, na hautoki tu mbele na risasi: unatafuta mahali penye uzaifu. Tena tundu likikosa kulingana na mututu hata kidogo, risasi inagonga ukingo, vipande vya risasi vinaruka pembeni, na presio inapanda.

Kisha, mwaka 1884, Mufaransa Paul Vieille akatoa baruti isiyo na moshi. Kwa uzito uleule ina nguvu nyingi kupita baruti nyeusi, na presio yake inaweza kupita ile silinda ya zamani ilitengenezewa. Ganda linaweza kufanana na la zamani, likaingia vizuri kabisa. Lakini kuingia mu tundu si kusema inafaa. Ilikuwa mpaka karibu mwaka 1900 ndipo kampuni ya Colt ikakubali kujibia bastola yake ya 1873 kwa baruti hiyo mupya, kisha kubadili chuma.

Kule Liège, Ubelgiji, kuna nyumba ya kujaribu silaha tangu mwaka 1672. Bunduki inapigwa kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, mutu akiwa amejificha. Ikibaki nzima inapigwa chapa. Na kama mutu amegusa tundu au silinda, chapa ya zamani haina maana tena: lazima ijaribiwe upya. Chuma kilichobadilishwa ni chuma kipya.

Bandugu, sheria ile si ya bastola peke yake. Kibao cha presio juu ya kompresa, tani zilizoandikwa kwa kamba ya chuma, kipimo cha baruti mu shimo la kulipua: vyote vimeandikwa kisha mutu kujaribu, na mara nyingi kisha mutu kuumia. Shefu akisema tufunge bomba la presio ndogo kwa mashine ya presio kubwa kwa sababu inaingia, tumukumbuke askari wa mwaka 1847. Baruti ilikuwa yake, mukono pia ulikuwa wake. Bili ya kiwanda ililipwa na serikali. Bili ya vidole alilipa yeye.

Colt alisikia chuma kilipopasuka, akapunguza muzigo. Hilo tunaweza kumusifu. Hakupenda kusikia mufanyakazi wake aliposema. Na hilo ndilo delegé wako yuko pale juu yake: umuonyeshe kifaa kilichobadilishwa kabla hujakiwasha, na ukatae kukigusa mpaka kijaribiwe.