Robert Smalls, rubani aliyeitoa jamaa yake utumwani

Safari hii tunawaletea maisha ya Robert Smalls, rubani wa meli wa Marekani.

Alizaliwa mtumwa mwaka 1839 katika mji wa Beaufort, South Carolina. Alipokuwa na miaka 12 alipelekwa Charleston kufanyia watu kazi. Mshahara ulikwenda kwa bwana wake, naye akaachiwa dola moja kwa juma. Huko bandarini alijifunza kufunga kamba za meli, kushona matanga na hatimaye kushika usukani. Aliijua mikondo yote na mafungu ya mchanga. Lakini jina la rubani lilikuwa la wazungu tu. Yeye aliitwa mshika usukani. Mafundi wetu hapa kambini ambao vyeti vyao viliungua nyumbani wanalielewa jambo hili bila kuelezwa.

Hannah mke wake alikuwa mtumwa pia. Ili kumkomboa pamoja na mtoto zilitakiwa dola 800, wapi angezitoa? Vita vilipoanza mwaka 1861, Robert aliwekwa kwenye meli ya Planter, iliyobeba silaha za waliotetea utumwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa walikwenda kulala mjini. Robert akavaa kofia ya nahodha, akang'oa nanga pamoja na wenzake, akawachukua wake na watoto waliokuwa wamefichwa mahali pengine bandarini. Walipatana kwamba wakikamatwa wataizamisha meli kuliko kurudishwa. Katika kila ngome alipiga honi vilevile kama nahodha alivyozoea, hata mbele ya mizinga ya Fort Sumter kulipokaribia kupambazuka. Walinzi wakawapitisha. Nje wakatweka shuka nyeupe, wakajisalimisha kwa jeshi la maji la Kaskazini: watu 16. Tumewahi kuulizwa kama ule ulikuwa wizi. Sisi tunaona aliyekuwa ameibiwa ni Robert mwenyewe, miaka yake yote.

Baada ya hapo alikuwa rubani wa jeshi hilo. Aprili 1863 meli ya Keokuk aliyoiongoza ilipigwa mizinga mara 90 hivi, ikazama kesho yake, yeye akapona. Desemba, nahodha wa Planter alijificha kwenye makaa wakati wa mashambulizi. Robert akaitoa meli salama, akafanywa nahodha. Hata hivyo, kwa kuwa hakuandikishwa rasmi, pensheni ya jeshi aliipata mwaka 1897 tu.

Alichaguliwa mara tano kuingia bungeni Washington, kisha kwa miaka mingi akakusanya ushuru wa forodha katika bandari ya Beaufort.

Vita vikiwa bado vinaendelea, alinunua nyumba ya bwana wake wa zamani, ile ambayo nyuma yake alizaliwa. Mama yake Lydia, aliyekuwa mtumishi humo, alikaa naye. Robert alifia katika nyumba hiyo tarehe 23 Februari 1915.