Simeoni Nsibambi, Mtu Aliyevua Viatu

 

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa letu alituletea kitabu huku analia. Kitabu hakina tena jalada, kurasa zimepigwa mistari kwa kalamu, na kinaeleza namna mtu anavyoweza kufikiri mpaka akawa tajiri. Mwanawe alikuwa akikisoma usiku kwa mwanga wa simu. Mwishowe alichukua pesa za mgao wa familia nzima, akalipia semina ya mafanikio mjini. Semina ilikuwa ya siku moja, na mwezi una siku thelathini.

Mama alitaka tukichome. Hatukukichoma, tulikisoma. Kilitoka Marekani mwaka 1937, na mwandishi wake, Napoleon Hill, alikuwa ameona biashara zake mwenyewe zikianguka mara kadhaa kabla ya kuwafundisha wengine kutajirika. Hatusemi kwamba hakina jema. Kuwa na kusudi ni jambo jema, na kutokata tamaa pia. Lakini hatukukuta humo habari ya mtu aliyekosa alichokitamani kisha akawa na furaha. Kwa hiyo katika toleo hili tunawaletea habari za mtu wa namna hiyo. Wazee wa uamsho wanamjua. Vijana wengi hawajasikia hata jina lake.

Simeoni Nsibambi alizaliwa Buganda mwaka 1897. Baba yake alikuwa chifu, na nyumba yao haikuwa ya maskini. Alisoma Mengo, tena akasoma King's College Budo, shule ambayo mzazi wa wakati ule alijivunia kumtaja mtoto wake akiwa humo. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alitumika katika kikosi cha Waafrika cha matibabu. Mwaka 1920 akapewa kazi ya afya huko Buganda, cheo kikubwa kwa Mwafrika wa siku hizo. Angeandikwa katika kitabu cha mafanikio bila shida.

Lakini alitaka jambo moja zaidi, kwenda kusoma ng'ambo. Alilitazamia, alilingoja, na nafasi ikaenda kwa wengine.

Hapa tusimame kidogo, maana tunajua kambini ni wangapi wanaishi ndani ya jambo hili. Orodha inabandikwa ukutani, watu wanajaa, kila mmoja anatafuta jina lake kwa kidole. Sisi pia tulisimama mbele ya orodha kama hiyo tulipokuwa chuo cha Biblia. Tuliahidiwa msaada wa masomo ya mbele, tukawaaga hata ndugu, na jina letu halikuwamo. Hatukuambiwa sababu. Tuliendelea kuhubiri upendo na huku tunamchukia aliyepata nafasi ile, naye ni ndugu tuliyelala naye chumba kimoja. Ilichukua miaka miwili kabla hatujaweza kumwandikia barua.

Nsibambi naye aliumia, na uchungu ukakaa. Mwaka 1922 Mungu akakutana naye. Alivyoeleza yeye ni kwamba alionyeshwa jinsi nafasi ile aliyoililia ilivyo ndogo ikiwekwa karibu na wokovu wa milele, ambao alikuwa nao mbele yake siku zote bila kuujali. Nafasi ya ng'ambo haikurudi. Kilichobadilika ni mizani aliyopimia. Someni Wafilipi 3:7-8 mtaona kwamba Paulo alipita njia hiyo hiyo.

Hata hivyo hakuacha kila kitu siku ile. Aliendelea na kazi, akaoa mwaka 1925, na watu wakamheshimu. Mwaka 1929 ndipo habari yake inapoingia Rwanda. Huko Gahini, karibu na ziwa Muhazi, alikuwako daktari Mwingereza, Joe Church. Nchi ilikuwa imepigwa na njaa ile ambayo Wanyarwanda wanaiita Rwakayihura, ya 1928 na 1929. Watu walikufa, wengine wakakimbilia Uganda na Kongo. Daktari alichoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Mwezi wa Septemba, nje ya kanisa kuu la Namirembe, alimkuta Nsibambi amesimama karibu na pikipiki yake, amevaa suti na tai. Wote wawili walikuwa na njaa moja. Wakakaa na Biblia siku mbili, wakitafuta habari za Roho Mtakatifu na kuomba pamoja. Church akarudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Nsibambi aliacha kazi ya serikali. Akaacha suti, akavaa kanzu. Akavua viatu, akatembea miguu mitupu katika mji ambao viatu vilikuwa alama ya msomi, na kila aliyekutana naye alimuuliza habari za wokovu wake, awe mpishi au askofu. Hakuwa mchungaji, wala hakuwahi kuwekewa mikono. Jamaa zake wengi waliona aibu, na wengine walidhani akili imemruka.

Lakini tuwaambieni ukweli wote, maana wahubiri wengine huukata hapa. Nsibambi alikuwa na ardhi. Mtu mwenye shamba anaweza kuacha mshahara na watoto wakala. Kuvua viatu ukiwa navyo si sawa na kutokuwa navyo tangu mwanzo, na hatutamwambia mama mwenye watoto sita hapa kambini kwamba umaskini wake ni baraka. Wala Nsibambi hakudharau shule. Mwanawe Apolo alikuwa profesa Makerere, kisha akawa Waziri Mkuu wa Uganda toka 1999 hadi 2011. Baba alikosa shule ya ng'ambo, lakini hakuwafungia watoto wake mlango kwa sababu hiyo.

Kutoka Gahini alikuja kwake Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali, amejaa manung'uniko juu ya kazi na juu ya wazungu. Nsibambi hakumhurumia sana. Alimwonyesha kwamba taabu ya hospitali ile ilikuwa moyoni mwake yeye Kinuka. Yule alikasirika, lakini akiwa njiani kurudi Rwanda alivunjika, akatubu. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini tangu 1929. Januari 1936 alikwenda Kampala kusema mbele ya baraza la kanisa, akapatwa na homa, akafa kabla ya kusema. Mambo aliyoyaandaa yalipelekwa mbele ya baraza bila yeye. Sisi wa Rusizi tumezoea kuhesabu kuanzia Gihundwe, mwaka 1940, Waswedi walipoanza kazi ya Kipentekoste. Tusisahau kwamba moto wa Gahini ulikuwa umekwisha kuwaka. Ulifika Burundi, ukafika Kenya mwaka 1937, ukafika Tanganyika na Kongo.

Yeye mwenyewe hakuusafiria sana moto huo. Tangu miaka ya 1940 ugonjwa ulimfunga nyumbani. Hesabuni wenyewe: alikufa mwaka 1978, basi zaidi ya miaka thelathini alikuwa mtu wa nyumbani, na watu ndio waliomfuata. Walikuja wakubwa na wadogo kutoka nchi nyingi, wakamkuta anaomba, na wengi waliondoka wakisema juu ya furaha yake. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya Idi Amin, wakati matajiri wengi wa Kampala walikuwa wamepoteza maduka na nyumba.

Kuhusu kile kitabu, tumezungumza na kijana mara mbili. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili aliuliza kama Nsibambi aliwahi kuitamani tena ile pikipiki, nasi hatukuweza kumjibu. Kitabu kiko mezani kwetu, hakijapotea hata ukurasa. Akitaka, aje akichukue Jumapili baada ya ibada, na mama yake aje pia, maana bado kuna habari ya mgao.