Daktari aliyeanza na mikono ya mtoto

Jina lake liko kwenye mabango ya shule nyingi za chekechea, na wazazi wengi hudhani ni aina ya mtaala tu. Maria Montessori alikuwa mtu, tena daktari. Namleta leo kwa sababu ya swali ninaloulizwa kliniki na wazazi wa watoto waliochelewa kuongea: daktari, nimekuja kwa ajili ya mdomo, mbona unamkagua mikono na miguu?

Alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870, akahitimu udaktari mjini Roma mwaka 1896, wakati madaktari wanawake nchini kwao walikuwa wachache mno. Haikuonekana heshima msichana apasue maiti mbele ya wanaume, hivyo alifanya kazi hiyo jioni, peke yake. Sisi tuliosoma miaka mingi baadaye tulilalamikia harufu ya dawa tu.

Alipoanza kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili, alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa. Inasimuliwa kwamba mhudumu mmoja alikereka kuwaona wakigombania makombo ya mkate sakafuni baada ya kula. Montessori alitazama chumba na kuona kwamba hawakuwa na kitu kingine chochote cha kushika.

Akawasoma madaktari wawili Wafaransa waliomtangulia. Jean Itard alijaribu kumfundisha Victor, mvulana asiyeongea aliyepatikana katika misitu ya Aveyron. Édouard Séguin naye alianza na misuli na hisia za mwili kabla ya masomo ya darasani. Montessori alitafsiri maandishi yao na kuyanakili kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1900 akawa miongoni mwa viongozi wa shule ya watoto hao mjini Roma. Alitengenezesha herufi za mbao. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi huku akisikia na kutamka sauti yake. Baadhi yao walifaulu mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wasio na ulemavu. Watu walishangilia. Yeye alijiuliza shule za kawaida zinawafanyia nini watoto wazima.

Wakati huo alikuwa na mtoto wake, Mario, aliyezaliwa mwaka 1898 nje ya ndoa. Alilelewa na familia nyingine kijijini, mama akienda kumtembelea tu. Nikiwa mama, sehemu hii hunisumbua kila ninapoisoma.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Hakupata wa kumtengenezea herufi za mbao, akakata za msasa. Desemba mwaka huo, mvulana wa miaka mitano aliyekuwa akichora bomba la moshi kwa chaki aligundua ghafla kwamba anaweza kuandika. Neno lake la kwanza lilikuwa mkono.

Ndiyo maana namwangalia mtoto wako akifunga vifungo, akishika kijiko, akiruka kwa mguu mmoja. Watoto wengi wenye tatizo la lugha hupata shida hapo pia. Kunyoosha kidole kuonyesha kitu na kupunga mkono kwa kawaida hutangulia maneno. Lakini tusidanganyane: mazoezi ya viungo peke yake hayafungui mdomo, wala kukatwa udata hakumpi maneno mtoto asiyesikia. Cha kwanza ni kupima masikio. Akifika miezi 12 haonyeshi kwa kidole wala hapungi mkono, au miezi 18 hana neno hata moja, mlete. Usingoje kwa kuwa baba yake naye alichelewa. Nyumbani, mshirikishe kuosha vikombe na kuchambua mchele, ukitaja anachofanya wakati uleule: mimina, suuza, toa jiwe.

Mario alirudi kwa mama yake akiwa kijana, akawa msaidizi wake wa karibu. Walikuwa pamoja India wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alikuwa naye Noordwijk, Uholanzi, alipofariki tarehe 6 Mei 1952.