Osamu Tezuka: Tabibu aliyezifikisha katuni za Japani Marekani

Mtoto wa Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, ambako Kiswahili husikika sokoni na mwaloni, hahitaji kufasiriwa maana ya simba. Neno hilohilo liliwatatiza Wamarekani katika miaka ya 1960, walipotafuta jina la mwanasimba mweupe aliyechorwa na Mjapani Osamu Tezuka. Kwa kuwa ni neno la watu wote, lisingeweza kumilikiwa kibiashara. Wakabadili herufi moja, naye akaitwa Kimba.

Tezuka alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 mjini Toyonaka, karibu na Osaka. Utotoni alitazama filamu za Walt Disney nyumbani kwa projekta ya baba yake. Alisomea udaktari hadi akapata leseni, lakini akachagua kalamu.

Tarehe 1 Januari 1963, roboti wake mwenye umbo la mvulana alianza kuonekana kwenye runinga ya Fuji. Ili kupunguza gharama, Tezuka alitumia michoro michache kwa kila sekunde, akauza vipindi kwa bei isiyofidia kazi iliyofanyika. Mwaka huohuo kampuni tanzu ya NBC iliinunua tamthilia hiyo, na watoto wa Marekani wakaijua kwa jina la Astro Boy. Mlango ulikuwa umefunguka, ingawa kwa gharama kubwa: studio yake, Mushi Production, ilifilisika mwaka 1973.

Hadithi ya simba mweupe, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1950, ilifika kwenye runinga ya Japani mwaka 1965 ikiwa na rangi, kisha ikavuka bahari. Hata hivyo, Afrika ya Tezuka ilikuwa ya kubuni, na namna alivyowachora Waafrika ililaumiwa kuwa ya dhihaka. Tangu miaka ya 1990, vitabu vyake huchapishwa vikiwa na maelezo kuhusu kasoro hiyo.

Alifariki kwa saratani ya tumbo tarehe 9 Februari 1989, akiwa na umri wa miaka 60. Miaka mitano baadaye, Disney ilitoa The Lion King. Wachoraji wengi wa Japani waliiandikia kampuni hiyo wakitaka mchango wa Tezuka utambuliwe. Disney ikakana kuiga. Shujaa wa filamu hiyo aliitwa Simba.